Kuandika draiva yako mwenyewe ya muziki kwenye Commodore 64: mwongozo kamili, kuanzia POKE mpaka wimbo unajicheza

Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, haina habari ya kuinstoli draiva ya sauti. Ukiiwasha unakutana na BASIC V2 ambayo haina hata amri moja ya muziki, hamna ya kucheza noti hamna ya kupandisha sauti, kuna POKE tu (amri ya kuandika namba moja kwa moja kwenye memori) na wewe jipange. Ndo maana kila gemu la enzi zile lilibeba draiva yake ndani kwa ndani, na mara nyingi mtunzi wa muziki ndo huyohuyo aliyeiandika. Rob Hubbard na Martin Galway kule Uingereza katikati ya miaka ya 80 walikuwa wanaandika noti kama safu za baiti ndani ya asembla (programu inayogeuza amri za prosesa ulizoandika kuwa baiti), hamna cha kuburuta na mausi. Chris Hülsbeck wa Ujerumani alikuja na Soundmonitor, programu ya kutungia muziki, mwaka 1986 ndo watu wa kawaida wakaanza kupumua.

Sasa leo tunaandika ya kwetu, ndogo lakini inapiga sauti zote tatu na haimezi noti. Kabla hatujagusa chochote weka hili kichwani: draiva ya muziki ni programu fupi inayoitwa mara 50 kwa sekunde, na kila ikiitwa inaamua baiti 25 ziwe na thamani gani, imetoka. Utamu wote uko kwenye nini kinaandikwa kabla ya nini, na hapo ndo wengi wanaanguka, nitakaa hapo muda mrefu kidogo.

Vya kuandaa

Mashine halisi sio lazima. Shusha emuleta ya VICE, programu inayoiga Commodore 64, ni ya bure, na ndani yake tumia ile inayoitwa x64sc maana ndo sahihi zaidi kwenye muda. Halafu chukua asembla ya ACME, nayo ya bure, inakimbia Windows, Linux na Mac. Kihariri cha maandishi chochote, hata Notepad. Laptop ya kizamani inatosha kabisa, hii kazi haina mzigo.

Kwenye setingi za VICE hakikisha mashine iko kwenye PAL, mfumo wa TV wa fremu (picha) 50 kwa sekunde. Namba zote humu ni za PAL, na kwetu ni sawa tu kwa sababu hata TV zetu za chogo zilikuwa PAL.

Ijue chipu kwanza

Chipu ya sauti inaitwa SID, namba yake MOS 6581, aliibuni Bob Yannes pale MOS Technology, na ikatoka ndani ya Commodore 64 mwaka 1982. Baadaye ikaja 8580. Inakaa kwenye anwani $D400 ($ maana yake namba ni ya heksadesimali), ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 54272, na ina rejista 29 (visanduku vya baiti moja moja ndani ya chipu), za kuandikia 25 na za kusoma 4. Sauti ni tatu na kila moja imepewa rejista saba zinazofuatana:

```
+0  masafa, baiti ndogo
+1  masafa, baiti kubwa
+2  upana wa pulsi, baiti ndogo
+3  upana wa pulsi, biti 4 za juu
+4  kontroo: aina ya wimbi na geti
+5  kupanda / kushuka
+6  kushikilia / kuachia
```

Sauti ya kwanza inaanzia $D400, ya pili $D407, ya tatu $D40E. Zinazobaki, $D415 mpaka $D417 ni za filta, na $D418 ina volyumu kwenye biti nne za chini. Watu wanasahau volyumu halafu wanalala usiku wa manane wanatafuta kosa ambalo halipo.

Rejista ya kontroo ndo roho ya kazi. $11 ni wimbi la pembetatu na geti iko wazi, $21 ni msumeno, $41 ni pulsi, $81 ni noizi ya ngoma. Ile 1 ya mwisho ndo geti: ikiwa 1 noti inaanza kupanda (nguvu ya sauti, sio masafa), ikiwa 0 noti inaachiwa ianze kufa. Kupanda kunaanzia milisekunde 2 mpaka sekunde 8, kushuka na kuachia ni milisekunde 6 mpaka sekunde 24, kila kimoja kimepewa namba 0 mpaka 15.

Fungua VICE ujaribu kwa mkono kabla ya kuandika chochote, kila mstari ukimaliza piga RETURN:

```
POKE 54296,15
POKE 54277,9 : POKE 54278,0
POKE 54272,69 : POKE 54273,29
POKE 54276,33
```

Hiyo ni A ya 440 hezi kwa wimbi la msumeno, inapiga na kufifia. Ukitaka kuirudia piga POKE 54276,32 kwanza kufunga geti, ndo urudie 33. Ukipiga 33 juu ya 33 hakuna kinachotokea, geti inaangalia mabadiliko.

Hizo 69 na 29 zimetoka wapi? Masafa unayotaka unazidisha kwa 16777216 unagawanya kwa kasi ya saa ya mashine, ambayo kwa PAL ni 985248. 440 inakupa kama 7492 na nusu, tunachukua 7493, ukigawa kwa 256 unapata 29 na baki 69. Hesabu hii hutairudia maana tunaweka jedwali.

Hatua ya kwanza: faili na kiwashio

Tengeneza faili muziki.asm. Lebo zianze mwanzo kabisa wa mstari, amri zisogezwe ndani, ACME inapenda hivyo.

```
!to "muziki.prg", cbm
sid = $d400
zp  = $fb

* = $0801
    !byte $0b,$08,$0a,$00,$9e
    !byte $32,$30,$36,$31,$00,$00,$00
    sei
    lda #$7f
    sta $dc0d
    lda $dc0d
    lda #<kila_fremu
    sta $0314
    lda #>kila_fremu
    sta $0315
    lda #$1b
    sta $d011
    lda #100
    sta $d012
    lda #1
    sta $d01a
    sta $d019
    jsr $1000
    cli
    rts

kila_fremu
    lda #1
    sta $d019
    inc $d020
    jsr $1003
    dec $d020
    jmp $ea31
```

Zile baiti za mwanzo ni mstari wa BASIC unaosema 10 SYS 2061, ili RUN ifanye kazi. Zinazofuata zinazima saa ya kawaida ya intarapti (ishara inayoikatisha prosesa ifanye kazi nyingine kwanza) na kuiambia chipu ya picha itugongee mlango kila mchoro wa skrini ukifika mstari wa 100. Skrini ya PAL ina mistari 312, kila mstari mizunguko 63 ya saa, jumla 19656 kwa fremu, kwa hiyo tunaitwa mara 50 na kidogo kwa sekunde bila kukosa. $D019 lazima uijibu kila mara, usipoijibu intarapti inarudi hapohapo na mashine inaganda.

Inc na dec ya $D020 inabadilisha rangi ya ukingo wa skrini wakati draiva inafanya kazi. Utaona ukanda wa rangi pembeni, na urefu wa ule ukanda ndo muda unaoutumia. Usiitoe mpaka umalize kila kitu, ni kipimo cha bure, maana kama draiva yako inakula nusu ya skrini basi gemu halina pa kukimbilia.

Hatua ya pili: kuanza

Kuna desturi ya siku nyingi, draiva inakaa $1000, kuanza ni $1000 na kucheza ni $1003. Sio sheria ila fuata tu, programu nyingine zitakuelewa bila maswali.

```
* = $1000
    jmp anza
    jmp cheza

anza
    lda #0
    ldx #24
-   sta kivuli,x
    sta sid,x
    dex
    bpl -
    lda #$0f
    sta kivuli+24
    ldx #60
-   lda noti_hi+12,x
    lsr
    sta noti_hi,x
    lda noti_lo+12,x
    ror
    sta noti_lo,x
    dex
    bne -
    ldx #14
-   lda #1
    sta muda,x
    lda #0
    sta nafasi,x
    txa
    sec
    sbc #7
    tax
    bpl -
    rts
```

Mambo mawili hapa. Kwanza hiyo "kivuli". Rejista za SID zile 25 hazisomeki, ukiandika umeandika, huwezi kuuliza "hivi niliweka nini". Kwa hiyo tunaweka nakala yake kwenye RAM, tunachezea nakala, halafu tunaimwaga yote kwa mpigo mwanzo wa fremu inayofuata. Faida yake kubwa sio kusoma tu, ni kwamba uandishi unatokea muda uleule kila fremu hata kama hesabu za nyuma zimechukua muda mrefu au mfupi, na muziki unakaa sawa.

Pili, jedwali la noti. Tunahifadhi oktava moja tu ya juu, noti 12, zilizobaki tunazipata kwa kugawa kwa mbili maana kushuka oktava ni nusu ya masafa. Noti za chini kabisa zinapoteza desimali kidogo, sikio halishtuki.

Hatua ya tatu: kucheza

```
cheza
    ldx #24
-   lda kivuli,x
    sta sid,x
    dex
    bpl -
    ldx #14
sauti
    dec muda,x
    beq noti_mpya
    lda muda,x
    cmp #3
    bcs ijayo
    lda #0
    sta kivuli+5,x
    sta kivuli+6,x
    lda kivuli+4,x
    and #$fe
    sta kivuli+4,x
    jmp ijayo
noti_mpya
    lda njia_lo,x
    sta zp
    lda njia_hi,x
    sta zp+1
    ldy nafasi,x
    lda (zp),y
    cmp #$ff
    bne +
    ldy #0
    lda (zp),y
+   pha
    iny
    lda (zp),y
    sta muda,x
    iny
    tya
    sta nafasi,x
    pla
    beq ijayo
    tay
    lda noti_lo,y
    sta kivuli,x
    lda noti_hi,y
    sta kivuli+1,x
    lda ala_ad,x
    sta kivuli+5,x
    lda ala_sr,x
    sta kivuli+6,x
    lda ala_pw,x
    sta kivuli+3,x
    lda ala_wimbi,x
    sta kivuli+4,x
ijayo
    txa
    sec
    sbc #7
    tax
    bpl sauti
    rts
```

X, rejista ya prosesa tunayohesabia sauti, inatembea 14, 7, 0 badala ya 2, 1, 0. Ujanja wa kizamani huu: rejista za kila sauti zimepishana kwa saba, basi na data zetu tunazipanga kwa saba-saba na X moja inatosha kila mahali, hamna kuzidisha wala jedwali la ziada.

Angalia na ile luupu ya kumwaga kivuli, inaanzia 24 inashuka. Sio bahati mbaya. Ikishuka, rejista ya +6 na +5 zinaandikwa kabla ya +4, yaani chipu inajua noti inatakiwa kupanda na kushuka vipi kabla geti haijafunguliwa. Ukiigeuza ianzie 0 kwenda juu geti inafunguka na setingi za zamani.

Hatua ya nne: data

```
noti_lo
    !fill 61,0
    !byte $9c,$c0,$23,$c8,$b4,$eb
    !byte $72,$4c,$80,$12,$08,$68
noti_hi
    !fill 61,0
    !byte $45,$49,$4e,$52,$57,$5c
    !byte $62,$68,$6e,$75,$7c,$83

kivuli
    !fill 25,0
jimbo
    !fill 21,0
muda      = jimbo
nafasi    = jimbo+1
noti_sasa = jimbo+2

vyombo
    !byte <njia1,>njia1,$09,$00,$08,$41,0
    !byte <njia2,>njia2,$0a,$00,$00,$21,0
    !byte <njia3,>njia3,$05,$00,$00,$81,0
njia_lo   = vyombo
njia_hi   = vyombo+1
ala_ad    = vyombo+2
ala_sr    = vyombo+3
ala_pw    = vyombo+4
ala_wimbi = vyombo+5
ala_arp   = vyombo+6

njia1
    !byte 22,24, 22,8, 29,16
    !byte 20,24, 17,16, 17,8, $ff
njia2
    !byte 46,16, 48,8, 49,24, 48,8
    !byte 46,8, 44,8, 41,16, 0,8, $ff
njia3
    !byte 61,16, 61,8, 49,16, 61,8, $ff
```

Kila tukio ni baiti mbili, noti na urefu wake kwa fremu. C ya oktava ya kwanza ni 1, ya pili 13, ya tatu 25, ya nne 37, unaongeza 12 kila oktava mpaka B ya sita ambayo ni 72. Sifuri ni kimya, $FF inarudisha mwanzo. Urefu usishuke chini ya 4, sababu utaiona hapo chini. Na kila njia isizidi matukio 127 maana nafasi inahesabiwa kwa baiti moja, ukitaka wimbo mrefu ndo unaingia kwenye patani na orodha ya patani, hiyo ni mada nyingine.

Mimi nimepanga kwa sita kwa nane, pigo dogo fremu 8 na pigo kubwa fremu 24, inatoka mapigo 125 kwa dakika. Mifano mingi ya SID utakayokutana nayo iko hatua 16 za dansi ya Ulaya, lakini hakuna kinachokulazimisha, ukitaka mwendo wa chakacha weka namba zako zigawanyike kwa tatu na mashine haitakuuliza kitu. Cha kuangalia tu ni jumla: njia1 na njia2 zina fremu 96 kila moja, njia3 ina 48, zikipishana hata fremu moja baada ya mizunguko kadhaa ngoma itakuwa Tanga na besi iko Lindi.

Sasa piga:

```
acme muziki.asm
x64sc muziki.prg
```

Itarudi READY na muziki unaendelea nyuma, unaweza kupiga amri za BASIC huku unasikiliza, ila usiandike mistari yenye namba maana itaivuruga draiva kwenye memori.

Kwa nini fremu mbili kabla ya noti tunaizima

Hapa ndo nilisema nitakaa. Ukiangalia kwenye cheza, muda ukibaki 2 au 1 tunaweka sifuri kwenye +5 na +6 na kufunga geti. Ukiifuta hiyo sehemu muziki utapiga, ila kila mara utasikia noti moja imechelewa, nyingine imemezwa kabisa, na haina mpangilio, leo noti hii kesho ile. Watu wengi wakifika hapa wanalaumu emuleta. Emuleta haina kosa, chipu yenyewe ndo ilivyo.

Ndani ya kila sauti kuna kaunta ya biti 15 inayohesabu mizunguko ya saa. Ukiweka kushuka kwa kasi fulani, maana yake kaunta ikifika namba fulani, sauti inasogea hatua moja na kaunta inaanza upya. Tatizo ni kwamba chipu haiulizi "imefika au imepita?", inauliza "iko sawasawa na namba hii?". Sasa noti ya zamani ilikuwa inashuka polepole, namba yake kubwa, kaunta iko katikati huko mbali, wewe unakuja na noti mpya inayotaka kupanda haraka, namba yake ndogo. Kaunta imeshaipita. Haina namna, inabidi izunguke yote mpaka 32768 ndo irudi kuikuta, na hiyo kwa saa ya PAL ni kama milisekunde 33. Kwenye muziki wa haraka milisekunde 33 ni noti imeliwa.

Dawa yake wakongwe wanaiita hard restart. Fremu mbili kabla ya noti mpya unaweka kasi ya juu kuliko zote na kufunga geti. Fremu mbili ni milisekunde 40, ni zaidi ya 33, kwa hiyo hata kama kaunta ilikuwa mahali pabaya kiasi gani itakuwa imemaliza mzunguko wake na imetulia chini. Noti mpya ikija inapanda papo hapo. Ndo maana pia nikasema urefu usiwe chini ya 4, vinginevyo noti haina muda wa kusikika.

Bei yake ni kwamba kila noti inakatwa mkia wa milisekunde 40. Kwenye besi na ngoma hamna anayelalamika. Kwenye melodia ya taratibu unaweza kuona inakatika sana, basi hapo weka alama kwenye data kwamba noti hii ibadilishe masafa tu bila kugusa geti, inateleza vizuri kama vinanda vya taarabu.

Madraiva mengi yanaongeza kitu kingine, fremu ya kwanza ya noti wanaandika $09 kwenye kontroo badala ya wimbi lenyewe, ile biti yenye thamani 8 inasimamisha wimbi lianze kutoka sifuri kila mara. Noti zinakuwa na mgongo mgumu zaidi. Jaribu usikie, kama hupendi toa.

Koodi kwa sauti moja

Ile sauti ya kububujika ya Commodore 64 ni ufukara tu ulioleta ubunifu. Sauti ziko tatu, koodi (noti tatu zinazopigwa pamoja) inakula zote, besi na ngoma utaweka wapi? Wakabadilisha noti kila fremu, A, C, E, A, C, E, haraka mpaka sikio linasikia koodi. Kwenye draiva yetu, mwanzo kabisa wa cheza ongeza:

```
    dec kaunta
    bpl +
    lda #2
    sta kaunta
+
```

Kwenye noti_mpya, kati ya "beq ijayo" na "tay" weka `sta noti_sasa,x`. Ile "bcs ijayo" ibadilishe iwe "bcs arpejo", na juu tu ya lebo ya ijayo bandika hii:

```
arpejo
    lda ala_arp,x
    beq ijayo
    ldy kaunta
    lda noti_sasa,x
    clc
    adc koodi,y
    tay
    lda noti_lo,y
    sta kivuli,x
    lda noti_hi,y
    sta kivuli+1,x
```

Chini kwenye data ongeza:

```
kaunta
    !byte 0
koodi
    !byte 0,3,7
```

0,3,7 ni koodi ya minor, 0,4,7 ni major. Baiti ya saba ya chombo ukiweka 1 inawaka. Noti ya msingi isizidi 65 usije ukatoka nje ya jedwali. Asembla itagoma hapa kwamba "bpl sauti" imekuwa mbali mno, maana branchi (amri ya kuruka) ya prosesa za familia ya 6502 haivuki baiti 128 kurudi nyuma, ibadilishe:

```
    bmi +
    jmp sauti
+   rts
```

Pulsi nayo inapenda kutembezwa. Upana ni namba ya biti 12, 0 mpaka 4095, katikati 2048 inatoa sauti nene, ukisogea pembeni inakuwa ya puani, ukifika 0 au 4095 inapotea kabisa. Kila fremu ongeza kama 32 kwenye kivuli+2 na kivuli+3 na ukikaribia mwisho rudi nyuma, besi itapata uhai. Kumbuka tu noti mpya inaandika upya kivuli+3, kama unataka mwendo usikatike futa mistari miwili ya ala_pw na upana uuweke kwenye anza.

Filta sijaigusa makusudi. Filta za 6581 zinatofautiana chipu na chipu, wimbo uliopigwa vizuri kwako kwa mwenzako unasikika umefunikwa blanketi. 8580 ziko karibu kufanana. Kama wimbo wako ni wa kusambaza usiutegemeze kwenye filta.

Ikigoma

Kimya kabisa lakini ukanda wa rangi unaonekana: angalia kivuli+24, volyumu. Ukanda hauonekani: intarapti haiji, kagua $0314 na $D01A. Noti moja inapiga halafu basi: njia yako imekosa $FF na draiva inasoma takataka za mbele. Muziki unakimbia na umepanda kidogo: uko kwenye mashine ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani. Kule fremu ni 60 kwa sekunde na saa ni 1022727, kwa hiyo mwendo unazidi kwa asilimia 20 na sauti inapanda karibu theluthi mbili ya nusu toni. Anwani $02A6 inakuambia, 0 ni NTSC na 1 ni PAL. Dawa ya mwendo ni kuruka fremu moja katika kila sita, na ya sauti ni jedwali jingine la noti 12.

Kwenye mashine halisi

Ukibahatika kupata mashine yenyewe, kabla ya kuwasha tupa macho kwenye adapta. Zile za asili, lile tofali zito, zikizeeka volti 5 yake inapanda na kuunguza chipu za RAM, na hutapata onyo. Nunua ya kisasa. Na usihamishe SID kati ya mashine ovyo, 6581 inakula volti 12 na 8580 inakula 9. SID ikiwa imekufa kuna mbadala kama ARMSID inayochomekwa palepale. Faili la prg unalipeleka kwa SD2IEC, kadi ya SD inayojifanya diski, unalodi kwa LOAD"MUZIKI",8,1 halafu RUN.

Kuigeuza iwe faili la SID

Mkusanyiko wa High Voltage SID Collection una nyimbo zaidi ya 50,000 na zote ziko kwenye muundo huu, kwa hiyo wa kwako ukiwa hivyo unafunguka kwenye pleya yoyote ya SID, hata ya simu. Asembo sehemu ya $1000 peke yake bila kiwashio, halafu mbele yake weka kichwa cha baiti 124. Kinaanza na herufi PSID, kisha namba za baiti mbili-mbili, baiti kubwa kwanza: toleo 2, mwanzo wa data $007C, anwani ya kulodi 0, kuanza $1000, kucheza $1003, idadi ya nyimbo 1, wimbo wa kwanza 1. Zinafuata baiti nne za sifuri, halafu jina la wimbo, mtunzi, na mwaka, kila kimoja baiti 32, na baiti sita za mwisho acha sifuri. Anwani ya kulodi ikiwa 0 pleya inaichukua kwenye baiti mbili za kwanza za data, ambazo ACME ameshakuwekea kwa sababu ya ile cbm, kwa hiyo unagundisha faili kama lilivyo.

Kitu kimoja pleya inafanya ambacho kiwashio chetu hakifanyi: inaita $1000 ikiwa na namba ya wimbo ndani ya rejista A ya prosesa, kuanzia 0. Anza yetu inaipuuza. Siku ukiwa na nyimbo mbili ndani ya faili moja, isome hapo kabla ya ule "lda #0" wa kwanza maana ukichelewa imeshafutika.